SOMO KWA MAKATIBU NA WANACHAMA: KULINDA JINA LA MKOPAJI BAADA YA TAARIFA KUVUJA

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Vyama vya ushirika vimelishika neno hilo tangu mwanzo wake, na kila mkaguzi anayefika katika chama huomba daftari kabla ya kuomba kiti. Lakini siku hizi daftari lenyewe nalo limekuwa mali. Katika ukurasa mmoja wa rejista ya chama cha msingi huwamo jina kamili la mwanachama, namba yake ya kitambulisho cha Taifa, namba yake ya simu, kijiji chake, ukubwa wa shamba lake, hisa zake, alama ya dole gumba lake, na aghalabu majina ya wadhamini wake. Mtu mwenye nia mbaya akiupata ukurasa huo hana haja ya kuvunja ghala.

Madhumuni ya somo hili ni kueleza jinsi taarifa zilizovuja zinavyotumika kumkopea mtu bila yeye kujua, na hatua zinazopasa kuchukuliwa na katibu na mwanachama ili jina lisiharibike. Jambo la kukumbuka tangu mwanzo ni hili: taarifa zikishavuja hazirudishwi. Kinachoweza kuokolewa ni jina, na jina huokolewa na yule anayewahi.

1. Mwizi huiba nini?

Wizi wa utambulisho ni kitendo cha mtu kujifanya mtu mwingine, kwa kutumia jina lake, namba zake au alama zake, ili apate fedha au huduma ambayo mwenye jina ndiye atakayedaiwa. Katika ushirika wizi huu si mgeni. Wakaguzi wameujua kwa miaka mingi kwa jina la mikopo hewa: fomu hujazwa kwa jina la mwanachama aliye mbali au asiyejua kusoma, dole gumba la mtu mwingine likabandikwa, na fedha zikatoka. Kilichobadilika ni umbali. Zamani mwizi alilazimika kulikaribia daftari. Leo anaweza kukaa mji wa mbali, akatumia picha moja ya kitambulisho iliyotumwa kwa simu.

Kuna sababu mbili za mabadiliko hayo. Ya kwanza ni kwamba mikopo midogo sasa hutolewa kwa simu. Tangu huduma ya M-Pawa ilipoanza mwaka 2014, na nyingine kuifuata, mtu mwenye laini iliyosajiliwa huweza kukopa bila kuonana na ofisa yeyote. Kwa hiyo anayeishika laini yenye jina la mwingine ameushika mlango wa mkopo wa huyo mwingine. Sababu ya pili ni kwamba wakopeshaji husomeana habari. Benki Kuu ya Tanzania ilitunga mwaka 2012 kanuni za taasisi za taarifa za mikopo, na benki huangalia kumbukumbu hizo kabla ya kumkopesha mtu. Jambo hilo ni jema, kwani humtofautisha mlipaji na asiyelipa. Lakini kumbukumbu haijui kama deni lililoandikwa ni la kweli au ni la kubandikwa.

Na ichukuliwe, kwa mfano, mkulima wa vitunguu wa Mang'ola. Kuna laini iliyosajiliwa kwa jina lake asiyoifahamu, nayo imekopa shilingi 60,000 ambazo hazikulipwa. Mkulima huyo anakwenda kuomba mkopo wa shilingi 2,000,000 kwa ajili ya mbegu, mbolea na vibarua. Anaambiwa kwamba jina lake lina deni bovu. Akaanza safari za kwenda Karatu mjini na kurudi, kueleza na kuandika barua, na wakati huo zamu yake ya maji imepita na miche imekomaa kitaluni. Mwizi alichukua shilingi 60,000 tu. Mkulima amepoteza mavuno ya msimu. Hiyo ndiyo gharama halisi ya wizi huu, wala haionekani katika hesabu ya mwizi.

2. Yaliyotokea kwingine

Mwaka 2017 kampuni ya Equifax ya Marekani, ambayo kazi yake ni kutunza kumbukumbu za mikopo ya watu, iliingiliwa na taarifa za watu wapatao milioni 147 zikachukuliwa. Mlango uliotumika ulikuwa kasoro ya programu ambayo dawa yake ilikwisha tolewa, lakini kampuni haikuitia katika mitambo yake yote. Somo lake ni fupi: ufa uliojulikana uliachwa bila kuzibwa.

Mwaka 2020 kampuni ya Experian nchini Afrika Kusini ilitoa taarifa zilizohusu watu wapatao milioni 24 kwa mtu mmoja. Huyo hakuvunja mtambo wowote. Alijifanya mteja halali, akaomba, akapewa. Makatibu wanapaswa kulizingatia sana tukio hili, kwani ndilo linalofanana zaidi na hatari ya ofisi ya kijijini. Simu hulia, mtu husema kwa sauti ya mamlaka kwamba anapiga kutoka benki au wizarani, anataka orodha ya wanachama kabla ya saa nane, na katibu mtiifu anaituma.

Oktoba mwaka huo huo, nchini Uganda, wezi waliuingilia mfumo wa kampuni ya Pegasus Technologies, iliyounganisha kampuni za simu na benki. Iliripotiwa kwamba fedha zilitolewa kwa kutumia laini zipatazo 2,000. Fedha ya wizi haipiti hewani. Hupita katika laini, na kila laini ina jina la mtu. Polisi wakianza kuuliza, wa kwanza kuulizwa ni mwenye jina.

Hapa Tanzania, Novemba 2024, Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Mkopeshaji asiye na leseni hana wa kumwuliza anavyotunza picha ya kitambulisho aliyotumiwa. Na nchini Kenya, Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza faini ya shilingi za Kenya 2,975,000 kampuni ya Mulla Pride, iliyoendesha mikopo ya simu, kwa kutumia majina na namba za watu zilizopatikana kwa watu wengine na kuwapelekea ujumbe wa vitisho. Basi sheria inaweza kuuma, ilimradi aliyeonewa apeleke malalamiko.

3. Milango ya uvujaji katika chama cha msingi

Taarifa za vyama hazivuji kwa ufundi mkubwa. Huvuja kwa mazoea. Milango iliyo ya kawaida ni hii:

(a) Duka la kutoa nakala. Kitambulisho hupigwa picha, nakala hutolewa, lakini picha hubaki katika kompyuta ya duka.

(b) Kundi la WhatsApp. Orodha nzima ya wanachama hutumwa humo ili mtu mmoja aone salio lake, na kila aliyemo, pamoja na aliyekwisha toka katika chama, hubaki nayo.

(c) Karatasi za zamani. Fomu za mkopo zilizoharibika au kupita wakati huuzwa kwa kilo na kuishia kufungia karanga sokoni. Fomu ya miaka mitano iliyopita bado ina namba ile ile ya kitambulisho.

(d) Neno la siri la ofisi nzima. Likijulikana na watu wanne, likaandikwa ukutani, na karani aliyeondoka bado analikumbuka, hilo si neno la siri tena.

(e) Usajili wa laini siku ya mnada. Tangu Mei 2019 laini husajiliwa kwa alama ya kidole. Mwanachama huambiwa, "Weka tena, haijasoma," akaweka mara tatu, akaondoka na laini moja huku nyingine zikibaki kwa aliyemsajili.

(f) Nyumbani. Kikulacho ki nguoni mwako. Kijana anayemsaidia mzee kutoa fedha huijua namba yake ya siri, na huenda akaitumia siku mzee asipotazama.

4. Wajibu wa katibu taarifa zinapovuja

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo ndiyo iliyounda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kila anayekusanya taarifa za watu, chama cha ushirika kikiwamo, anatakiwa ajisajili katika Tume hiyo, azilinde taarifa hizo, na usalama wake ukivunjwa aiarifu Tume bila kuchelewa. Kwa hiyo kunyamaza ili "chama kisiaibike" si busara, ni kosa. Aibu ya kusema hupita upesi. Madhara ya kunyamaza humwangukia mwanachama ambaye hakufanya lolote.

Katibu anapogundua kwamba daftari, simu au kompyuta ya chama imeibwa, au orodha imefika mikononi mwa asiyehusika, na afanye hivi:

Kwanza, azibe mlango: abadilishe maneno ya siri yote, na aondoe ruhusa ya asiyehusika. Pili, aandike siku hiyo hiyo ni taarifa gani zimetoka, za wanachama gani, na lini ilijulikana. Tatu, amwarifu mwenyekiti na bodi, Polisi, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Mrajis Msaidizi wa Vyama vya Ushirika wa mkoa, na benki inayotunza akaunti ya chama. Nne, awaarifu wanachama wenyewe.

Hili la nne ndilo gumu katika Karatu na Ngorongoro, kwani ujumbe mmoja wa simu hautoshi. Wako wanachama wa Endulen na Nainokanoka ambao mtandao huwafikia kwa vipindi. Wako wazee wanaoelewa vizuri zaidi wakielezwa kwa Kiiraqw au Kimaasai. Wako pia waliohamia Msomera, wilayani Handeni, tangu Juni 2022, ambao huenda namba zao za zamani hawanazo tena. Namba isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na baadaye huweza kuuzwa kwa mtu mwingine. Chama kikituma habari za mkopo kwa namba hiyo, kimezivujisha mara ya pili. Kwa hiyo habari ipelekwe kwa mabalozi wa vikundi, isomwe mikutanoni, na kila mwanachama aambiwe peke yake ni taarifa zipi zake zilizotoka. Namba za watu zisisomwe hadharani.

5. Hatua za mwanachama

Mwanachama aliyepata habari kwamba taarifa zake zimevuja asingoje kuona kama kuna kitakachotokea. Na achukue hatua zifuatazo kwa utaratibu huu.

Abadilishe namba zake za siri za simu na benki kwa mkono wake mwenyewe. Asitumie mwaka wa kuzaliwa. Namba ya kitambulisho cha Taifa ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku aliyozaliwa mwenye kitambulisho. Aliyeipata namba hiyo amekwisha ujua mwaka huo.

Ahakiki laini zake. Kwa kupiga *106# na kufuata maelekezo, mtu huonyeshwa laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Akiona asiyoitambua, aende na kitambulisho katika duka la kampuni ya simu inayohusika, aombe iondolewe, na aandike tarehe na jina la aliyemhudumia.

Aangalie dalili za laini kuhamishwa. Mwizi mwenye taarifa za kutosha huweza kujifanya mwenye laini iliyopotea, akapewa mpya, na ile ya mwenyewe ikazimika. Mjini mtu angeshtuka mara moja. Katika kata zenye mtandao hafifu mtu huona ni kawaida, akalala. Kipimo chake ni rahisi: kama simu ya jirani wa kampuni ile ile inapata mtandao mahali pale pale na yake haipati, basi aazime simu na kuipigia kampuni yake namba 100 papo hapo.

Asijibu ujumbe wala simu inayotaja taarifa zake ili aaminiwe. Ujumbe wa "ile pesa itume kwenye namba hii" ulikuwa ukitupwa kwa kubahatisha. Baada ya kuvuja, mwizi humwita mtu kwa majina yake matatu na kumtajia chama chake. Kujua jina la mtu si ushahidi wa kuwa ofisa. Ujumbe wa namna hiyo upelekwe kwa Mamlaka ya Mawasiliano kupitia namba 15040.

Aulize kumbukumbu zake za mikopo. Kupitia benki yake, au katika taasisi yenye leseni ya Benki Kuu kama Creditinfo, mwanachama anaweza kuomba taarifa yake ya mikopo. Aisome mstari kwa mstari, au asomewe na mtu anayemwamini: nani anamdai, kiasi gani, tangu lini. Nchini Marekani, tangu Septemba 2018, kila mtu anaweza kuzifungia kumbukumbu zake bure ili asikopewe kwa jina lake. Kwa mwanachama wa hapa, silaha iliyo karibu ni kuzisoma kumbukumbu hizo mara kwa mara.

Arudie uchunguzi huu baada ya mwezi mmoja, baada ya miezi mitatu, na kila mwaka kabla ya msimu wa kukopa. Namba ya siri hubadilishwa, lakini namba ya kitambulisho ni ile ile maisha yote, na mwizi mwenye subira huitunza kama mbegu.

6. Likionekana deni lisilo lake

Wengi wakidaiwa shilingi 20,000 wasizokopa huona heri walipe yaishe. Hilo ni kosa. Kulipa huweza kuchukuliwa kuwa ni kulikubali deni, na mwizi hujifunza kwamba jina hilo hulipa. Kadhalika asimpe fedha mtu anayeahidi "kusafisha jina". Njia ya haki ni hii.

Aende Polisi, aeleze, na apewe namba ya RB. Kujifanya mtu mwingine kwa kutumia mfumo wa kompyuta ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kisha aandike barua kwa mkopeshaji na kwa taasisi ya taarifa za mikopo, akitaja deni analolikana, sababu, na namba ya RB; aambatishe nakala ya kitambulisho iliyoandikwa juu yake kwa kalamu, "Kwa ajili ya kupinga deni tu," pamoja na tarehe. Barua iwe katika nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na irudi naye. Maneno ya mdomoni hayana muhuri. Akikosa jibu la haki, anaweza kupeleka malalamiko Benki Kuu kuhusu benki yake, au katika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kuhusu aliyeziachia taarifa zake.

Katibu asimwache peke yake. Barua ya chama inayothibitisha kwamba taarifa zilivuja tarehe fulani, na kwamba mwanachama huyu ni miongoni mwa walioathirika, ni ushahidi mkubwa. Chama kilichonyamaza hakiwezi kuandika barua hiyo bila kujifunga chenyewe.

7. Kinga ndani ya chama

Kinga ni bora kuliko tiba, na nyingine hazina gharama. Mwombaji wa mkopo wa SACCOS aonekane kwa uso mbele ya kamati ya mikopo. Wadhamini waitwe wenyewe na waulizwe mmoja mmoja, kwani jina lililoibwa huwafunga na wao. Nakala ya kitambulisho iandikwe kazi yake na tarehe. Anayeomba orodha kwa simu aambiwe atapigiwa kwa namba ya ofisi inayojulikana, naye alete ombi kwa maandishi. Karatasi zilizokwisha muda wake zichomwe mbele ya mashahidi wawili na tendo hilo liandikwe. Mwisho, angalau mara moja kwa mwaka, kila mwanachama aonyeshwe faragha salio la akiba yake na la mkopo wake, atie saini kwamba ndilo. Mkopo hewa huishi kwa sababu moja tu, kwamba mwenye jina hajaonyeshwa ukurasa wake.

Maswali ya kujadiliana katika mkutano wa kikundi

1. Chama kinatunza taarifa gani za mwanachama? Ni zipi kati ya hizo ambazo hazina kazi na zingeweza kuachwa?

2. Ni watu wangapi wanaolijua neno la siri la kompyuta au simu ya chama? Wangapi kati yao bado ni watumishi?

3. Daftari la chama likiibwa usiku huu, mwanachama anayeishi mbali kuliko wote atapata habari siku gani, na kwa njia gani?

4. Ni wanachama wangapi waliohudhuria mkutano huu wamekwisha hakiki laini zao kwa *106#? Wasiojua wasaidiwe kabla ya kutawanyika, kila mmoja akiishika simu yake mwenyewe.